Katibu Asiambiwe

Duka la Fundi Saa lilikuwa jembamba kiasi kwamba mteja mnene aliingia kwa ubavu. Lilibanwa kati ya duka la dawa na ngazi za jengo la ghorofa, na ndani yake mlikuwa na meza moja, kiti kimoja, taa ya shingo ndefu, na saa za ukutani kumi na tisa ambazo hazijawahi kukubaliana hata siku moja. Watu walimtania kwa hilo. Yeye alijibu kwamba mganga hajigangi, wakacheka, wakamwachia saa zao.

Siku nyingi za wiki huyo ndiye aliyekuwa: mjane wa miaka sitini na minne, kioo cha kukuzia kimebanwa kwenye jicho la kulia, akipekua matumbo ya saa za watu. Lakini Jumamosi ya kwanza ya kila mwezi, ikikaribia saa nane mchana, alivaa koti lake la kahawia, akashusha mlango wa duka, akaenda hadi kwenye ukumbi ulio juu ya maktaba. Akishafika hapo hakuwa Fundi Saa tena. Alikuwa Katibu wa Chama cha Waonja Mvinyo.

Usicheke. Chama kilikuwa na watu kumi na wanne na hakuna aliyekuwa bwanyenye. Mwenyekiti alikuwa daktari wa meno, mwanamke mfupi mwenye sauti ya kuita mtu aliye ng'ambo ya barabara. Alikuwapo fundi bomba mwenye mikono kama koleo, alikuwapo mwalimu wa hesabu aliyestaafu lakini hakuacha kusahihisha watu, na wengine wa aina hiyo hiyo. Walevi hawakuwa. Mlevi wa kweli angewaonea huruma, maana alasiri nzima kila mmoja alionja mafunda machache tu, na mengi ya hayo aliyatema kwenye ndoo. Dada yake Fundi Saa, aliyekuwa mpishi wa shule kwa miaka thelathini na sasa akiishi naye, aliwaita walevi wa kijiko.

Fundi Saa alikishukuru chama hicho kuliko alivyoweza kusema. Mkewe alipofariki, dada yake alikuwa bado hajahamia kwake, na siku iliyomtesa zaidi ilikuwa Jumamosi. Alifunga duka adhuhuri, akarudi nyumbani, akaketi kwenye kiti akitazama kiti kingine. Ndipo mzee mmoja, Katibu wa wakati huo, akaleta saa ya mfukoni kutengenezwa, akamtazama vizuri, akamwambia, "Njoo Jumamosi kwetu, ndugu yangu. Hata kama hutapenda mvinyo, utapata mtu wa kubishana naye." Akaenda. Wakampa glasi, akanusa, akasema inanuka mkanda wa saa uliolowa mvua. Walicheka mpaka wakashika mbavu, kisha wakanusa tena, mmoja mmoja, wakakuta ni kweli: mvinyo ule ulinuka ngozi mbichi. Siku hiyo alirudi nyumbani akipiga mluzi. Miaka mitatu baadaye yule mzee alistaafu, daftari la kumbukumbu likawa lake.

Na kazi aliifanya. Chakula cha mchana cha kufunga mwaka alikipanga yeye, nani akae na nani na nani asikae karibu na mwalimu wa hesabu. Matembezi ya kando ya ziwa yaliyoishia kwenye mvua, watu kumi na wanne na jibini lao chini ya turubai moja, aliyapanga yeye, na hata leo ndiyo yanayosimuliwa kwa furaha kuliko yote. Fundi bomba alipomwoza binti yake, Fundi Saa ndiye aliyechagua mvinyo wa kutakiana heri.

Jambo lililokuwa na heshima kuliko yote katika chama lilikuwa kanuni ya ukimya. Chupa zilivishwa vifuko vya kitambaa vyenye namba ili mtu asidanganywe na karatasi ya nje. Kila glasi ilipomiminwa, watu walinyamaza dakika tano kamili kwa saa ya Katibu. Hakuna kunong'ona, hakuna kukunja uso, hakuna kuguna. Kila mmoja aliandika kwenye kadi yake alichonusa na alichoonja, kisha ndipo zikasomwa. Yule mzee wa zamani alizoea kusema kimya kingi kina mshindo mkuu, na wageni wengi walioletwa kuona walikimbia kwa sababu ya hizo dakika tano.

Sasa, miaka miwili iliyopita, Fundi Saa aliugua homa. Ilimlaza wiki tatu na kumkosesha mkutano mmoja, wa kwanza tangu ajiunge. Alipoinuka, kila kitu kilirudi mahali pake isipokuwa pua. Kahawa ikawa maji ya moto. Sabuni ikawa jiwe. Ulimi ulibaki na vyake vichache, tamu, chungu, chumvi na uchachu, lakini harufu hakuna, kama mtu amezima swichi akaondoka na ufunguo wa nyumba. Daktari wa hospitali alimwambia huenda itarudi na huenda isirudi. Akamwambia pia ashukuru kwamba yuko hai, na kweli alishukuru, lakini mtu anaweza kushukuru huku anaumia.

Siri ya mtungi aijuaye kata, na kata hapa alikuwa dada yake, aliyemwona akinywa maziwa yanayonuka moshi bila kukunja uso.

"Waambie wenzako," dada alisema. "Mficha maradhi, kifo humuumbua."

"Dada, mwonja mvinyo asiye na pua ni nini? Watanihurumia, halafu watachagua Katibu mwingine. Nitarudi kutazama kiti."

"Kiti gani? Si nimekikalia mimi siku hizi."

"Unajua ninachosema."

Dada alijua, akarudi jikoni.

Basi Fundi Saa akaamua kufa na tai shingoni. Mkutano uliofuata alikwenda akijiuliza ataandika nini kwenye kadi. Lakini ilikuwa kama bahati ya mtende kuota jangwani. Glasi ya kwanza haijatulia mezani, Mwenyekiti akapaza sauti, "Loo, ndimu hii! Ndimu tupu!" Fundi bomba akadakia, "Na majani yaliyofyekwa sasa hivi." Mwalimu wa hesabu akasema yeye anapata tunda la pea, tena pea mbili. Kanuni ya ukimya ilikuwa imekufa, na hakuna aliyevaa nguo za msiba. Fundi Saa aliandika haraka haraka: ndimu, majani, pea, akachanganya na maneno yake mawili matatu asije akaonekana ananakili.

Ikawa hivyo miaka miwili. Na kwa kuwa binadamu hana haya, mwisho wa mwaka wa kwanza Fundi Saa alisimama akalalamika kwamba nidhamu ya chama imelegea, kwamba watu siku hizi wanapayuka ovyo, na kwamba yule mzee wa zamani angewaonaje. Moyoni alimwomba Mungu wasimsikilize. Wakamtazama kwa utulivu wa ajabu, Mwenyekiti akasema, "Limepokelewa, Katibu," na mwezi uliofuata wakapayuka zaidi.

Angeweza kuendelea hivyo hadi uzee wake wote, kama si safari.

Kila baada ya miaka kumi chama kilisafiri hadi kwenye mashamba ya mizabibu na kuchagua pipa moja liwe la chama. Chaguo halikupigiwa kura. Katibu ndiye aliyezunguka ghalani na glasi, akanusa, akaonja, akasema "hili", na hapakuwa na rufaa. Kisha aliliandikia jina kwa chaki, na kwa jina hilo mvinyo ungenywewa miaka kumi. Yule mzee aliliita lake Mama Mkwe, kwa sababu lilianza kwa ukali na kulainika taratibu kadiri miaka ilivyokwenda. Safari hii ilikuwa zamu ya Fundi Saa. Kwa miaka tisa aliiota siku hiyo. Sasa aliiogopa kuliko kung'olewa jino. Akikosea, wenzake watakunywa kosa lake muongo mzima, na wa kwanza kufungua chupa atajua kwamba Katibu wao ni ganda tupu.

Hata hivyo aliipanga, maana kupanga alikuweza. Alikodi basi dogo. Alichora viti: mwalimu wa hesabu mbele kwa sababu ya kichefuchefu, fundi bomba nyuma kwa sababu ya nyimbo zake. Aliandika nani analala chumba kimoja na nani, na nani anakoroma. Alipanga vituo vya kujinyoosha miguu kwa dakika, kama mtu anayepanga magurudumu ya saa. Kila alipofika kwenye mstari wa "Saa tano asubuhi: Katibu achague pipa", aliruka mstari.

Wiki mbili kabla ya safari ulifanyika mkutano wa mwisho. Chupa tano zilikuwa zimevishwa vifuko. Ya kwanza, ya pili na ya tatu zilikwenda kama kawaida, kelele tele. Kufika namba nne, Mwenyekiti alikuwa ametoka kwenye ngazi kuzungumza kwa simu na dereva wa basi, na kwa sababu isiyojulikana wengine wote walikawia kusema. Fundi Saa akaona hapo ndipo mahali pa kuonyesha kwamba yeye bado ni yeye. Akazungusha glasi, akaingiza pua, akafumba macho.

"Jamani," akasema, "namba nne ndiyo mfalme wa leo. Matunda yaliyoiva, asali kwa mbali, na mwishoni kama ua. Sijui mnasemaje."

Fundi bomba alikuwa ameinamia ndoo, shavu limejaa. Akajiinua polepole, akameza, macho yakamtoka.

"Asali," akasema. "Kwa mbali sana, lakini ipo."

"Katibu amelenga," mwalimu wa hesabu akasema, akamaliza glasi yake kwa mkupuo mmoja, kama dawa.

Mwenyekiti aliporudi, akanusa glasi yake, akafungua kinywa, akatazama nyuso za wenzake, akafunga kinywa. Kura zilipopigwa, mikono yote iliinuliwa kwa namba nne. Hata mkunga wa zahanati, ambaye katika miaka sita hakuwahi kupigia kura kitu ambacho wengine walikipenda, aliinua wake. Fundi Saa alijaa kama puto. Kwa desturi, masalia ya chupa iliyoshinda huenda nyumbani na aliyeisifia wa kwanza, na hapo pakatokea mvutano mdogo, maana Mwenyekiti alitaka kumnyang'anya.

"Niachie mimi leo, Katibu. Nina wageni."

"Desturi ni desturi, Mwenyekiti," akasema Fundi Saa, akaiweka chupa chini ya koti.

Alifika nyumbani jua halijazama. Dada alikuwa jikoni akichambua mchele. Aliweka chupa mezani, akavuta kizibo, akaanza kusimulia ushindi wake. Hakufika mbali.

"Ni nini hicho?" dada akauliza, mkono puani.

"Mshindi wa leo."

"Mshindi wa nini? Kaka, hiyo inanuka dekio. Dekio lililosahauliwa kwenye ndoo likizo nzima. Mimi nimefanya kazi jiko la shule, dekio nalijua." Akasogea, akanusa shingo ya chupa, akarudi nyuma kama aliyeumwa na nyuki. "Nani amekunywa hii?"

Fundi Saa aliketi. Alijua mara moja ni nini. Kizibo kikiingiwa na ukungu, mvinyo wote huoza harufu, na ulimi peke yake haukuambii kitu. Alikuwa amewafundisha wanachama wapya jambo hilo mara nyingi.

"Wote," akasema. "Wamekunywa wote."

"Na wakasema nini?"

"Wakasema asali."

Dada akaurudisha ungo wake mapajani.

Aibu ilimshika. Akaona hapana budi, ajiuzulu kwa maandishi, na kwa kuwa alikuwa mtu wa taratibu, akachukua daftari la kumbukumbu atafute jinsi yule mzee alivyoandika barua yake. Katika kufunua kurasa kurudi nyuma akafika kwenye mkutano ambao hakuuhudhuria, ule wa wakati wa homa. Uliandikwa kwa mkono wa Mwenyekiti, na mwandiko wa Mwenyekiti ulikuwa wa kidaktari kweli kweli, kuku kakanyaga wino akakimbizwa. Wakati ule alijaribu mistari miwili akakata tamaa. Sasa alichukua kioo chake cha kukuzia, akakibana jichoni, akasoma neno kwa neno kama anayeokota skrubu sakafuni.

"Ajenda ya tatu: Katibu. Fundi bomba ameeleza kwamba alipokwenda kumjulia hali alikuta maharage yanaungua jikoni, moshi umejaa, na Katibu amekaa chumba cha pili anasoma gazeti hana habari. Mkunga amesema homa ile huchukua pua za watu. Mjadala mrefu. Imekubaliwa kwa kauli moja: kanuni ya ukimya ifutwe. Kila mwanachama aseme kwa sauti anachonusa, mapema na waziwazi. Katibu asiambiwe."

Alisoma mara mbili. Chini yake kulikuwa na sahihi kumi na tatu.

Watu hao wa ajabu! Walikuwa wamekula njama, na kwa kuwa walikuwa chama chenye taratibu, wakaiandika njama yao katika kumbukumbu, wakaitia sahihi, wakamkabidhi anayefichwa ailinde. Miaka miwili alikuwa akilibeba daftari hilo kwapani. Fundi Saa alianza kucheka, na katika kucheka akagundua kwamba kioo chake kimejaa maji. Akakitoa, akakifuta kwa shati, akakibandika tena, kikajaa tena.

"Umepata barua?" dada akauliza.

"Siandiki barua," akasema. "Nipigie pasi koti langu, dada yangu. Nasafiri."

Basi lilikwenda kwa dakika alizozipanga, mwalimu wa hesabu hakutapika, fundi bomba aliimba hadi akakaukiwa. Asubuhi ya pili, saa tano, walisimama ndani ya ghala refu lenye ubaridi. Mapipa yalilala safu mbili, sakafu ya mawe ilikuwa na unyevu, na mwenye shamba, mwanamke mwenye kucha zilizoingia rangi ya zabibu, alitoa mvinyo kwa mrija wa kioo akaujaza katika glasi zao.

"Hapa yapo mapipa matano," akasema. "Katibu wenu ni nani?"

Wote walimtazama Fundi Saa, kisha wakatazama viatu vyao.

"Ni mimi, mama. Lakini kwanza waonje wote. Sina haraka."

Pipa la kwanza, Mwenyekiti alianza hata kabla glasi haijafika mdomoni. "Zambarau! Zambarau iliyoiva!" Wengine wakajazia: pilipili manga, moshi kidogo. La pili lilipata kelele zaidi, mdalasini, ngozi, tumbaku. Walikuwa wakimpa maneno kwa mikono miwili kama watu wanaompitishia jirani maji wakati wa moto. Fundi Saa alisikiliza, akaonja vichache alivyobakiwa navyo, na safari hii hakuandika chochote. Alikuwa anawatazama tu. Alijiuliza ni wapi duniani mtu angepata ndugu kama hawa.

Kwenye pipa la tatu, Mwenyekiti alinusa, akafungua kinywa aseme, hakusema. Akanusa tena. Fundi bomba alionja akabaki na glasi hewani. Mwalimu wa hesabu alifumba macho. Mkunga alishika bega la jirani yake. Kumi na tatu wote, waliojifunga kwa sahihi kwamba hawatanyamaza, walikuwa wamenyamaza. Walikuwa wamemsahau. Maji yalidondoka mahali fulani nyuma ya mapipa, na Fundi Saa, kwa mazoea, akatazama saa yake. Dakika ikapita, na nusu nyingine.

"Hili," akasema.

Wakashtuka kama walioamshwa. Mwenyekiti akashika kinywa. "Katibu, samahani, tulikuwa tunataka kusema, hili lina... hili..."

"Mmeshasema. Sihitaji la nne wala la tano. Mama, naomba chaki."

Akapiga magoti mbele ya pipa kwa taabu, goti moja kisha la pili, akaandika kwa herufi kubwa zilizonyooka, mwandiko wa mtu aliyezoea vitu vidogo. Akainuka, akajipangusa mikono. Wakasoma: NAMBA NNE.

"Hili ni la tatu, Katibu," mwalimu wa hesabu akasahihisha.

"Najua ni la tatu."

Kisha fundi bomba akalia "Mungu wangu!" akajifunika uso kwa mikono yake ya koleo. Mwenyekiti alitazama pipa, akamtazama Katibu, akatazama pipa.

"Umesoma daftari," akasema, kwa mara ya kwanza maishani kwa sauti ndogo.

"Nimelisoma. Mwenyekiti, mwandiko wako ni dhambi. Na nawashukuru. Sina maneno mengine, ninyi ndio mmekuwa mkinipa maneno. Nawashukuru mno." Akaingiza mkono ndani ya koti akatoa daftari na kalamu, maana mkono ukipata kazi hutulia. "Ila katika kumbukumbu za mkutano uliopita kuna kasoro. Niliandika asali. Dada yangu anasema dekio. Naomba wajumbe wanieleze ukweli, ilikuwa na ladha gani?"

Hapo walifunguka wote kwa pamoja. Soksi! Kaburi la panya! Karatasi ya boksi iliyolowa! Mkunga alisema alisali. Mwalimu wa hesabu alisema alimeza kwa kuhesabu moja hadi tatu, na fundi bomba aliapa kwamba katika miaka yake yote ya kuzibua mabomba hajapata kukutana na kitu kama kile, na kwamba angeulizwa leo angekinywa tena.

Katibu aliandika yote, neno kwa neno, na jina la aliyesema kila neno.